"Has Not Been Approved": Ukanushi wa Hali Timilifu katika Kiingereza Rasmi na Tafsiri Yake kwa Kiswahili

Miongoni mwa mafungu ya maneno yanayotumika sana katika Kiingereza cha ofisini, ni machache yanayoonekana mepesi kama "has not been approved". Maneno yake yote ni ya kawaida, na mwanafunzi wa shule ya sekondari huyafahamu bila kufungua kamusi. Hata hivyo, fungu hili likifasiriwa kwa Kiswahili pasipo uangalifu, huweza kugeuza maana ya barua nzima. Mtu aliyeomba kiwanja akaandikiwa kwa Kiingereza kwamba amekataliwa, husoma katika tafsiri kwamba ombi lake lingali linashughulikiwa. Makala haya yanakusudia kueleza chanzo cha kosa hilo, na kuonyesha ya kuwa halitokani na uzembe wa mfasiri, bali na kulinganisha njeo za lugha mbili kana kwamba ni sawa kwa sawa.

1. Hali timilifu katika Kiingereza rasmi

Hans Reichenbach, katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1947, alieleza njeo kwa kutumia nukta tatu: nukta ya kusema, nukta ya tukio, na nukta ambayo tukio hutazamwa kutoka hapo. Katika wakati uliopita wa Kiingereza, mtazamo huwekwa palepale penye tukio. Katika hali timilifu, tukio limekwisha kupita lakini mtazamo umebaki kwenye wakati wa kusema. Ndiyo sababu Kiingereza sanifu hukubali "It was approved on Monday" lakini hukataa "It has been approved on Monday". Kielezi cha siku maalumu huurudisha mtazamo nyuma, nayo hali timilifu hairuhusu.

Bernard Comrie, katika utafiti wake wa mwaka 1976 kuhusu hali za vitenzi, aliainisha matumizi manne ya hali timilifu: ya matokeo, ya tajiriba, ya jambo linaloendelea tangu zamani, na ya tukio la karibuni. Lugha ya ofisini hutegemea zaidi aina ya kwanza. Karani anayeandika "has been approved" hakusudii kusimulia mkutano wa kamati. Anamweleza msomaji hadhi ya ombi lake leo. Tena, kauli ya kutendwa humwondoa mtendaji, na hali timilifu huondoa haja ya kutaja tarehe. Uamuzi huonekana kama hali iliyopo, isiyo na mwenyewe wala siku ya kuzaliwa. Haishangazi kwamba ofisi huupenda muundo huu.

2. Ukanushi na utata wake

Matatizo huanza kauli hiyo inapokanushwa. Tazama mifano hii:

(a) Your application has not been approved.
(b) Your application has not yet been approved.
(c) Your payment has not been received.

Sentensi (a) ina maana mbili. Yaweza kumaanisha kuwa wahusika wamekutana, wakalitazama ombi, wakalikataa. Yaweza pia kumaanisha kuwa hawajafikia uamuzi wowote. Sarufi ya Kiingereza haitenganishi maana hizi, kwa sababu ukanushi wa hali timilifu husema jambo moja tu: kwamba katika kipindi kinachoishia sasa, idhini haikutokea. Kuhusu kesho haisemi neno.

Kinachotenganisha ni mambo yaliyo nje ya kitenzi. Neno "yet" katika (b) huacha mlango wazi. Katika (c) msomaji hujua kwamba malipo yanangojewa, hivyo mlango u wazi hata bila "yet". Lakini sentensi (a) ikitanguliwa na "We regret to inform you", kila aliyezoea barua za Kiingereza hutambua kwamba shauri limefungwa. Huo ni ukataaji uliovikwa adabu. Mwandishi ametaja lile ambalo halikutokea, ili asilitaje lile lililotokea.

3. Kiswahili hakina utata huo

Vitabu vingi vya sarufi vinavyotumika shuleni huweka -me- kuwa alama ya hali timilifu, na -ja- kuwa ukanushi wake: amefika, hajafika. Mwanafunzi pia hufundishwa kwamba -me- ni sawa na "has" ya Kiingereza. Kutokana na kanuni hizi mbili, mfasiri hupata ya tatu bila kuambiwa na mtu: kwamba "has not" ni -ja-. Sentensi (a) kwa hiyo hutoka kama "Ombi lako halijakubaliwa".

Kanuni ya pili ina walakini tangu mwanzo. Si ajabu kumsikia msemaji wa Kiswahili akisema "Amefika jana", usemi ambao haungeruhusiwa kama -me- ingekuwa na mpaka uleule wa hali timilifu ya Kiingereza. Aidha, katika vitenzi kama amelala, amesimama na amevaa, -me- huonyesha hali iliyopo, ambayo Kiingereza huieleza kwa miundo mingine.

Ama kanuni ya tatu, hiyo ndiyo yenye madhara. Mofimu -ja- katika muktadha wa jambo linalotarajiwa haisemi tu kwamba tendo halikutokea, bali pia kwamba nafasi ya kutokea ingalipo. Anayesema "Mgeni hajafika" angali anamngoja mgeni. Anayesema "Mgeni hakufika" amekwisha kuondoa vyombo mezani. Ni kweli kwamba -ja- hutumika pia pasipo tarajio, kama katika "Sijapata kumwona simba". Lakini mtu aliyepeleka ombi ofisini yumo katika tarajio tayari, na -ja- humthibitishia tarajio hilo. Subira huvuta heri, wasema wahenga. Mwombaji huyu ameagizwa kusubiri jambo ambalo halina tena wa kulileta, na huenda muda wa kukata rufani ukampita akiwa katika kungoja.

4. Njia mbili za mfasiri

Mfasiri wa sentensi (a), ikiwa maana yake ni kukataliwa, ana njia mbili. Ya kwanza ni kushika kitenzi na kuacha njeo: "Ombi lako halikukubaliwa". Ya pili ni kushika njeo na kuacha kitenzi: "Ombi lako limekataliwa". Hawezi kuvishika vyote viwili. Njia ya pili hudumisha hali ya sasa ya matokeo, lakini hulitaja waziwazi tendo la kukataa ambalo Kiingereza kililifunika. Njia ya kwanza huhifadhi adabu ya barua, na hufunga mlango kama ulivyofungwa. Kwa barua nyingi, hiyo ndiyo inayofaa zaidi. Sentensi (b) na (c), kwa upande wao, hudai -ja-: "Ombi lako bado halijakubaliwa", "Malipo yako hayajapokewa".

5. Suala hili mahakamani

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inavitambua Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za taifa, na inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi haki ya kupata mkalimani bila malipo. Kwa hiyo tofauti kati ya -ja- na -ku- si ya darasani tu. Hakimu akisema "The charge has not been proved", akakusudia kumwachilia mshtakiwa, tafsiri "Shtaka halijathibitishwa" humfanya mshtakiwa adhani kesi inaendelea. Inayostahili ni "Shtaka halikuthibitishwa".

Hatari huja pia kutoka upande wa pili. Shahidi akisema "Sijamlipa", kwa kawaida hueleweka kwamba malipo yangali yanatazamiwa. Akisema "Sikumlipa", hasemi hivyo. Kauli ya kwanza ikifasiriwa "I have not paid him", fununu ya deni hupungua. Ikifasiriwa "I did not pay him", hutoweka kabisa. Mkalimani mwangalifu ataongeza "yet".

6. Hitimisho

Kabla ya kufasiri "has not been", yafaa mfasiri aulize swali moja ambalo Kiingereza hakikulijibu: je, shauri hili lingali wazi? Likiwa wazi, -ja- ndiyo mahali pake. Likiwa limefungwa, -ja- ni ahadi ambayo ofisi haikuitoa. Na pale ambapo barua yenyewe haionyeshi, afadhali mfasiri arudi kwa aliyeiandika amuulize, kuliko kumchagulia msomaji matumaini au hasara. Walimu wa tafsiri nao wangefanya vyema kufundisha -me-, -ja- na -ku- kwa pamoja, kama mfumo wa Kiswahili wenye mantiki yake, badala ya kuzipanga kandokando ya njeo za Kiingereza kama watumwa wa daftari la mwingine.