Saumu ya shangazi na chupa ya mofini

Ramadhani ile shangazi aliificha chupa ya mofini nyuma ya mtungi. Saratani ya shingo ya kizazi ilikuwa imeshafika mifupani, na dawa ile ya maji hunywewa kila baada ya saa 4. Yeye alikunywa magharibi na wakati wa daku, basi. Adhuhuri tulimkuta ameuma ncha ya kanga, jasho linamtiririka, akasema ni joto tu.

Si kwamba hakujua. Mgonjwa ana ruhusa ya kula mchana, na asiyetarajiwa kupona hutoa kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku aliyokula. Hayo aliyafundisha madrasa miaka mingi. Lakini wageni nao walikuwa hawaishi: "Zidisha dua, bibi, mwenye imani hashindwi." Walikuja kufariji, wakamwachia hesabu ya kujiuliza imani yake imepungua wapi.

Cicely Saunders, daktari Mwingereza aliyefungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alifundisha kuwa maumivu ya mgonjwa wa namna hii ni ya mwili, ya moyo, ya mahusiano na ya roho, yote yameshikana. Daktari Anne Merriman akaanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 kwa mofini ya maji isiyo ghali. Kwetu Tanzania huduma hii ya hospisi huitwa tiba shufaa. Jina zuri, ila wengi wakilisikia hudhani wametumwa nyumbani kufa.

Muuguzi aliyetutembelea hakuulizia chupa. Aliketi mkekani, akasema, "Mama, kinachokunyima usingizi hasa ni nini?"

Shangazi alinyamaza kitambo.

"Nikila mchana, nitakuwa nimeshakubali kwamba siponi."

Sisi tuliokuwa mlangoni tuliinama. Muuguzi hakujibu kitu; alimshika mkono tu. Baadaye akauliza kama yupo mtu wa dini anayemwamini. Jioni akaja mwalimu mwenziwe wa zamani, bibi mwenye mkongojo, wakafunga mlango. Waliyozungumza hatukuambiwa.

Asubuhi shangazi aliagiza chupa iletwe, na pishi ya mchele. Adhuhuri aliswali rakaa zote nne akiwa kitini. Alipomaliza, alimwita binti yangu na kumgombeza: kibaba cha maskini amekipima pungufu.