Kilo ya Choma, Kitengela au Kajiado: Wapi Pesa Yako Inafika Mbali?

Jumapili moja tulikula choma Kitengela. Jumapili iliyofuata tukashika barabara ya Namanga, tukapita Isinya hadi Kajiado mjini. Tulikuwa wanne, na kila mahali tuliagiza kilo mbili za mbuzi. Tulitaka kumaliza ule ubishi wa kila mwisho wa mwezi: wapi ni nafuu?

Ubao wa Kitengela ulisema Sh1,000 kwa kilo. Kajiado, Sh1,200. Tulishangaa, maana tulidhani bei ingekuwa chini kule mifugo iko karibu. Ukipita Kajiado kuelekea Namanga unafika Bissil, penye soko la mifugo linalojulikana kote.

Basi Kitengela imeshinda? Ngoja kwanza sinia ifike.

Mizani ilipima nini?

Kitengela nyama yetu ilipimwa ikiwa mbichi. Motoni nyama hupoteza maji na mafuta. Hata ikipungua robo tu, kilo moja inafika mezani ikiwa gramu 750. Piga hesabu: Sh1,000 kwa gramu 750 ni kama Sh1,333 kwa kilo iliyoiva. Ongeza Sh100 za kuchomewa, pamoja na ugali na kachumbari ambazo zililipiwa kando.

Kajiado walipima nyama ikishaiva, mbele yetu. Ugali na kachumbari zilikuwa ndani ya bei. Ile "ghali" ndiyo ilikuwa nafuu.

Ubora nao ulitofautiana. Kitengela hatukuuliza, tukaletewa shingo na mifupa mingi. Kajiado tulisimama buchani, tukaona muhuri wa mkaguzi kwenye nyama, tukachagua mguu na mbavu wenyewe.

Hatusemi Kitengela ni kubaya. Miji yote miwili ina wanaopima mbichi na wanaopima iliyoiva. Kosa lilikuwa letu: tulisoma ubao, hatukuuliza maswali.

Kabla hujaagiza, uliza:

- Mnapima ikiwa mbichi au ikishaiva?
- Kuchoma kunalipiwa?
- Ugali na kachumbari ziko ndani ya bei?
- Naweza kuchagua sehemu ninayotaka?

Wakati wa kulipa

Hapa ndipo wengi wetu hupoteza pesa kidogo kidogo. Kitengela mhudumu alituambia till ina shida, tutume kwa namba yake. Tulikatwa ada ya kutuma, na meseji ikaja na jina lake badala ya jina la hoteli. Kama kungekuwa na ubishi juu ya bili, tungemwonyesha nani hiyo meseji? Till ikikataa, omba kuzungumza na msimamizi au lipa kaunta, upewe risiti.

Till ikifanya kazi, linganisha jina linalotokea kwenye simu na lile la bango la hoteli. Jina likiwa geni, simama kwanza, uliza. Na PIN yako weka mwenyewe. Usimpe mhudumu simu akusaidie, hata kama foleni ni ndefu.

Mkiwa kikundi, changeni kabla ya kuagiza. Mmoja akusanye, alipe mara moja, kisha awatumie wenzake ile meseji. Hakuna atakayeuliza Jumatatu pesa zilienda wapi.

Meseji zako ni daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Usifute meseji za malipo. Mwisho wa mwezi zipitie: ulilipa ngapi, wapi, mkiwa watu wangapi. Gawanya jumla kwa idadi ya watu, halafu jiulize kama mlishiba. Sisi tulipogawanya, Kajiado ilitoka chini, na bado tulifungiwa mbavu mbili za kubeba nyumbani.

Wewe je, wikendi iliyopita kilo yako ilipimwa kabla ya moto au baada?