Mazutu yanayopotea kwenye milima ya Bukavu

Ukisimama Nyalukemba utaona gari kubwa likipanda kutoka ufukweni mwa Ziwa Kivu kuelekea Barabara ya Patrice Lumumba, moshi mweusi ukilifuata. Watu husema pampu imechoka. Mara nyingi ni mguu wa dereva. Uso wa ziwa uko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na kwa kimo hicho hewa imepungua uzito kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na pwani. Injini isiyo na turbo, kama ile 1HZ ya lita 4.2 ya Land Cruiser za kazi, huvuta hewa haba. Ukikanyaga hadi mwisho, mazutu yanaingia mengi kuliko hewa ya kuyachoma, na yasiyoungua ndiyo huo moshi. Rudisha gia kabla ya mlima, kisha kanyaga hadi pale moshi unapokaribia kuonekana, usizidishe.

Mlima wenyewe hauna njia ya mkato: kuinua tani mbili na nusu kwa mita 100 kunakula kama moja ya tano ya lita. Hasara inayoniuma ni ya kuteremka. Wengi hutoa gia ili gari lijiendee, wakiamini wanabana matumizi. Wanajidanganya, tena kwa hatari. Gari likiwa kwenye gia na mguu umeachia, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini, na pampu hukata mazutu kabisa mpaka mzunguko ushuke karibu na ule wa kusimama. Ukitoa gia, injini inadai mafuta ili isizimike, na uzito wote unaangukia breki, ambazo zikipata moto hazishiki.

Kwenye msongamano tazama mbali, uachie mguu mapema. Kila unaposimamisha uzito huo wa gari, utaulipia tena kuuondoa. Na ukirudi kutoka matope ya Shabunda, fungua kufuli za magurudumu ya mbele na urudishe upepo uliopunguza kwenye matairi. Hili husahaulika sana, na gari huburuta mjini wiki nzima.

Kuhusu kuacha injini ikiunguruma ukimsubiri mkubwa nje ya ofisi: ni karibu lita moja kwa saa, zaidi kiyoyozi kikiwaka.

Wakuu wa mashirika, kabla ya kumshuku dereva kwamba anauza mafuta, pimeni upepo wa matairi ya gari lake.