Mali bila daftari: Funzo la injini ndogo

Wahenga walituachia usemi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo niliukumbuka mpwa wangu aliponijia nyumbani hapa Nakuru akiwa na swali moja tu. Chama chake cha akiba na mikopo kimekubali kumkopesha fedha za kununua gari la teksi, na wadhamini watatu wamekwisha kutia sahihi.

"Mjomba," aliniuliza, "ninunue injini ya lita moja au ya lita moja na nusu? Ni ipi itakayonivusha miaka mitano ya mkopo?"

Swali hili huulizwa katika kila gereji na kila kituo cha teksi nchini, na aghalabu hujibiwa kwa ushabiki kama ule wa kandanda. Mmoja huapa kwa jina la Toyota, mwingine kwa Honda, wa tatu kwa Nissan au Mazda. Mimi sikuweza kumjibu mpwa wangu kwa ushabiki, maana niliwahi kuua injini kwa mikono yangu mwenyewe.

Hebu kwanza tulinganishe. Wasomaji wa makamo watalikumbuka lile gari la Corolla tulilozoea kuliita Toyota 110. Mengi yalikuwa na injini ya 5A-FE, yenye ujazo wa sentimita 1498. Bloku yake ilikuwa ya chuma kizito, na vali zake ziliendeshwa kwa mkanda wa mpira. Mkanda huo ulistahili kubadilishwa kila baada ya takriban kilomita 100,000, lakini hata ulipokatika njiani, injini ilizima tu bila pistoni kugonga vali. Ilikuwa injini yenye huruma. Ilimsamehe mwenyewe makosa mengi.

Ikafuata 1NZ-FE, ya ujazo wa sentimita 1497. Wakenya wengi wanaijua kupitia Probox, gari lililoanza kuuzwa Japani mwaka wa 2002, na ambalo limebeba miraa, mboga, maziwa na abiria katika barabara zetu hadi likawa kama punda wa taifa. Bloku yake ni ya aluminiamu, na badala ya mkanda ina mnyororo wa chuma usio na tarehe ya kubadilishwa. Kwa mtunzaji, hiyo ni nafuu kubwa. Kwa mzembe ni mtego, kwa kuwa mnyororo huo hulainishwa na oili, na kifaa kinachoukaza husukumwa na shinikizo la oili iyo hiyo. Oili ikigeuka tope, mnyororo hulegea na kuanza kupiga kelele injini inapowashwa asubuhi. Ukiruka meno, pistoni na vali hukutana, na hapo kilio huwa cha mwenye gari.

Ama injini ya lita moja, tuchukue mfano wa 1KR-FE ya silinda tatu, iliyobuniwa na Daihatsu na kutiwa katika Toyota Vitz tangu mwaka wa 2005. Nayo ina bloku ya aluminiamu na mnyororo, wala si injini dhaifu. Katika mji tambarare, ikiwa na dereva na abiria wawili, itatumika miaka mingi kwa petroli kidogo. Tatizo ni kazi tunayoipa. Injini ya kawaida ya petroli, isiyo na turbo, hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1000 za mwinuko, na mji wa Nakuru uko zaidi ya mita 1800 juu ya usawa wa bahari. Lipakie gari hilo watu watano na mizigo, kisha liukwee mlima wa Kinungi kuelekea Limuru, na dereva hana budi kulikanyaga muda wote. Mbuzi akitwishwa mzigo wa punda, tusishangae akichoka mapema.

Sasa kisa changu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na gari dogo la lita moja lililonitumikia bila kulalamika. Karo iliponibana, niliahirisha kubadilisha oili, nikijiambia kwamba nitafanya hivyo mwezi ujao. Mwezi ujao ukawa miezi saba. Isitoshe, niliruhusu thamostati ing'olewe ati injini ipate kupoa vizuri, nayo rejeta nikawa naitilia maji ya mfereji. Sikujua wakati huo kwamba injini isiyo na thamostati huchelewa kupata joto linalostahili, ikanywa petroli kupita kiasi, na petroli hiyo huosha oili katika kuta za silinda. Maji ya mfereji nayo huila aluminiamu na kuacha magamba ndani ya rejeta.

Siku moja nikiwa mbioni kuwahi mazishi, mshale wa joto ulipanda mlimani. Ningalisimama. Badala yake niliendelea kilomita sita. Kichwa cha injini kikapinda, maji yakachanganyika na oili, na injini ikakwama kabisa. Injini ya mtumba niliyoitafuta baadaye ilimeza karo ya muhula mzima, na binti yangu akakaa nyumbani wiki tatu huku wenzake wakisoma. Fedha za oili niliyoikwepa zilikuwa kidogo mno zikilinganishwa na hasara hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ndiyo sababu nashikilia kwamba kuuliza injini ipi hudumu ni nusu ya swali. Injini hizi za kisasa zaweza kuishi muda mrefu kuliko zile za zamani, ila msamaha wao ni mdogo. Teksi inayokwenda kilomita 200 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, humaliza kilomita 5000 kila mwezi. Kwa vumbi letu na misongamano yetu, huo ndio wakati wa kubadilisha oili, yaani mara 12 kwa mwaka na mara 60 katika miaka mitano ya mkopo. Kufikia hapo gari litakuwa limetimiza kilomita 300,000, umbali ambao 1NZ-FE iliyotunzwa huufikia bila kufunguliwa.

Yapo pia ya kuangaliwa kabla ya kununua. Sheria yetu hukataza kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na watu wengi hudhani kwamba hiyo ni dhamana. Umri hautuambii lilitunzwaje. Hata kilomita zinazosomeka mbele ya dereva zaweza kurudishwa nyuma na mlaghai. Mnunuzi na alikute gari likiwa baridi, aliwashe mwenyewe, asikilize mnyororo, afungue kifuniko cha oili atazame kama kuna tope jeusi, na aangalie kama moshi ni wa buluu. Muuzaji anayelipasha gari moto kabla hujafika ana jambo analolificha.

Mpwa wangu nilimshauri anunue lita moja na nusu, kwa sababu abiria wake ni wa milimani na mizigo yao ni mizito. Alinung'unika kuhusu gharama ya petroli, nami nikamwambia kwamba petroli hulipwa kidogo kidogo, ilhali injini hulipwa kwa mkupuo. Kisha nikampa daftari aandike tarehe, kilomita na oili kila mwezi. Wale wadhamini watatu hawakutia sahihi kwa ajili ya jina la gari. Walimwamini yeye, na injini ikifa mapema, ni akiba zao zitakazokatwa.