Majani Machungu ya Buha na Ugonjwa wa Kisukari

Mkazi wa Kibondo au Kasulu hana haja ya kwenda mbali kutafuta majani machungu. Umubirizi, unaojulikana kitaalamu kama Vernonia amygdalina, humea uani na kando ya mashamba. Momordica foetida, mmea utambaao wenye harufu kali na jamaa wa karela, hutanda juu ya vichaka. Katika nchi mbalimbali za Afrika mimea hii hutumiwa na wenye kisukari, pengine kwa imani kwamba kichungu hushinda kitamu. Imani hiyo si hoja ya kitabibu, lakini mimea yenyewe inastahili kuchunguzwa.

Metformini, kidonge kinachotumiwa na wagonjwa wengi wa kisukari cha aina ya pili, asili yake ni mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis. Mmea huo una sumu inayoweza kuua kondoo. Wanakemia waliunda viini vinavyofanana na vilivyomo ndani yake, vyenye madhara machache zaidi, na mwaka 1957 daktari Jean Sterne wa Ufaransa akachapisha matokeo ya kuitumia metformini kwa wagonjwa. Mmea ulionyesha njia. Dawa haikuwa majani yaliyochemshwa.

Ili kupata dondoo, majani hukaushwa, husagwa na kulowekwa katika maji au spiriti, kisha kiowevu huchujwa na kukaushwa. Baadhi ya dondoo huchelewesha usagaji wa wanga tumboni, hivyo sukari haipandi ghafla baada ya ugali wa muhogo. Nyingine huichochea kongosho kutoa insulini, na hapo ndipo penye mtego. Mwaka 1977 watafiti walichapisha matokeo ya foetidini, kiini kilichotolewa katika Momordica foetida: kiliteremsha sukari ya panya wazima waliofungishwa chakula, lakini hakikuwa na nguvu ya kuridhisha kwa panya wenye kisukari. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu kila dondoo ni hili: imemsaidia nani?

(Umubirizi una sifa nyingine pia. Mwaka 1987, huko Mahale, mkoani humu humu Kigoma, Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde walimwona sokwe mgonjwa akitafuna moyo wa shina lake. Utafiti uliofuata ulielekea kwenye minyoo, si sukari.)

Kuhusu madhara ya kisukari kwa macho, figo na mishipa ya fahamu, ushahidi ni mwembamba zaidi. Sukari ikizidi kwa miaka mingi hujibandika kwenye protini na kuharibu mishipa midogo ya damu. Dondoo kadhaa huzuia jambo hilo ndani ya chupa ya maabara. Jicho la mgonjwa ni jambo jingine.

Hatari kubwa ni kuacha insulini. Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza akinyimwa insulini kwa siku chache damu yake huingia asidi, na anaweza kufa. Anayechanganya majani na glibenklamidi naye anaweza kushukiwa sukari hadi kuzimia. Tena kikombe cha leo si sawa na cha jana, kwani nguvu ya majani hubadilika kwa udongo, msimu na umri wa mti.

Anayetumia majani asiyafiche. Na aje kliniki na vidonge vyake vyote pamoja na tawi lenye ua au tunda, ili mmea utambuliwe, sukari ipimwe na figo zichunguzwe kabla kipimo chochote cha dawa hakijabadilishwa.