JIWE LIPI LINAVUMILIA MOTO WA SONARA?

Mama mmoja wa darasa letu hapa Pemba alituonyesha pete ya fedha aliyoachiwa na mama yake. Pete ina lulu, lakini imekatika. Anataka iyeyushwe, afanyiwe mpya. Akauliza: "Na lulu nayo itaingia motoni?" Tukaona swali hili ni la wengi.

Kwa kawaida sonara hutengeneza pete kwanza, kisha huweka jiwe. Lakini iko njia nyingine, jiwe linatangulia. Kazi huwa hivi:

1. Sonara huchonga pete ya nta. Nta ni laini, basi hulibonyeza jiwe humo mpaka likae. Juu na chini ya jiwe huacha wazi.

2. Huifunika kwa plasta, jamaa ya ile wanayofungia mkono uliovunjika. Plasta ikiganda hulishika jiwe.

3. Huipasha moto pole pole. Nta huyeyuka ikatoka. Jiwe halianguki, maana limeshikwa na plasta.

4. Humimina fedha iliyoyeyuka mahali palipokuwa na nta. Fedha safi huyeyuka kwa nyuzi 962 za Sentigredi, dhahabu 1064.

5. Huiacha ipoe yenyewe. Hatii maji. Chemni ya taa ikiwa moto ukairushia maji, si inapasuka? Jiwe nalo ni vivyo hivyo.

Faida yake, vijiwe vingi vidogo huwekwa upesi. Hasara yake, jiwe likipasuka kulitoa ni taabu.

Tena si kila jiwe linafaa. Almasi na yakuti nzima, zisizo na ufa, huvumilia. Zumaridi mara nyingi ina nyufa ndani. Tanzanaiti, iliyogunduliwa Mererani mwaka 1967, haiwezi joto la ghafla. Hizi ziwekwe mwisho, pete ikishapoa.

Na lulu je? Wazee wetu walichoma matumbawe wakapata chokaa. Lulu imeumbwa kwa kitu kile kile cha matumbawe na makombe ya chaza. Ikiingia motoni, imekwisha. Tulimwambia mama yule: lulu itolewe kwanza, kaa nayo mwenyewe mpaka pete iwe tayari.

Basi ukienda kwa sonara, uliza kabla hajawasha moto. Kuuliza si ujinga.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini jiwe halianguki nta ikitoka?
2. Nyumbani kwako kuna pambo gani lisilofaa kutiwa motoni?