Makoti Yaliyobaki Poland

Ukiuliza kwa nini Wajerumani hawakuingia Moscow mwaka 1941, wengi watakujibu: baridi. Baridi ilikuwepo, tena ya kuua. Ila jeshi lile lilikuwa hoi kabla theluji haijaanguka, na ukitaka kujua sababu, anza na reli.

Reli ya Ujerumani ilikuwa na upana wa milimita 1,435. Ya Wasovieti 1,524. Tofauti ni milimita 89, upana wa kiganja tu, lakini ilitosha kuikwamisha treni mpakani. Wahandisi wakawa wanang'oa misumari, wanasogeza chuma cha upande mmoja na kukipigilia upya, taruma kwa taruma, mamia ya kilomita. Hilo liliwezekana. Balaa kubwa lilikuwa maji: vichwa vya treni vya Kisovieti vilikuwa vikubwa, vinabeba maji mengi, kwa hiyo vituo vya kujazia vilikuwa mbali kimoja na kingine. Kichwa cha Kijerumani kikifuata njia hiyo kinakaukiwa katikati ya safari.

Wapangaji walijua kwamba shehena isingefika mbali kwa urahisi zaidi ya kilomita 500 hivi. Moscow iko karibu mara mbili ya hapo. Ndiyo maana mpango wote uliegemea dhana moja: Jeshi Jekundu litavunjwa karibu na mpaka, ndani ya wiki chache. Halikuvunjika. Mwezi Agosti Jenerali Halder, mnadhimu mkuu wa jeshi la nchi kavu la Ujerumani, aliandika kwenye shajara yake kwamba walitarajia divisheni 200 hivi za adui, na tayari walikuwa wamehesabu 360.

Baada ya vita majenerali walimtupia Hitler lawama kwa kugeuza vifaru kutoka njia ya Moscow kwenda Kiev, ambako walipata mateka zaidi ya 600,000. Utetezi huo haunishawishi. Hata bila Kiev, mwezi Agosti hapakuwa na mafuta wala risasi za kutosha kuelekea Moscow.

Oktoba ikaja mvua; malori na farasi wakazama kwenye matope. Tarehe 5 Desemba Wasovieti walipoanza kujibu mapigo, askari wengi wa Kijerumani walikuwa bado na sare za kiangazi. Makoti yalikuwepo, tani kwa tani, yamelundikana kwenye maghala ya Poland. Treni chache zilizofika zilipewa mafuta na risasi kwanza, nazo zilizidi kupungua, maana mabomba ya maji ya vichwa vya treni vya Kijerumani yalipita nje ya tangi la mvuke, na yalikuwa yakiganda na kupasuka.